Mvumo wa Masikio na Upungufu wa Kusikia



Wako watu wengi ambao, nyumba ikiwa kimya usiku, husikia mluzi, au mlio kama wa nyenje, au kengele ndogo isiyokoma. Huamka wakafungua dirisha ili watazame kelele hiyo yatoka wapi, wala hawaoni kitu. Wengine huambiwa ya kwamba wanasengenywa. Wengine huogopa kuwa akili zinaharibika, na kwa hofu hiyo hawamwambii mtu, hata mume au mke, wala hawaendi kwa daktari ambaye neno lake moja lingewatuliza.

Mvumo huo si ugonjwa wenyewe. Ni dalili, na mara nyingi ni dalili ya kuwa sikio limeanza kupoteza uwezo wake.

Ndani kabisa ya sikio mna kijumba kilichojiviringa mfano wa nyumba ya konokono, na humo mna chembe zipatazo 15,000 zenye vinywele vidogo mno. Sauti ikiingia, vinywele hutikisika, na habari hupelekwa kwenye ubongo kwa mshipa wa fahamu. Kelele, uzee na dawa fulani huziua chembe hizo, nazo kwa mwanadamu hazioti tena. (Kuku ana bahati zaidi: mwaka 1988 wataalamu walionyesha kuwa chembe za ndege huota upya.)

Chembe zikifa, ubongo hukosa habari uliyoizoea. Hufanya kama mwenye redio ambaye, stesheni ikiwa mbali, huzungusha kifungo apate sauti zaidi, asipate ila mkwaruzo. Mkwaruzo huo ndio mvumo. Wako wagonjwa waliokatwa mshipa wa sikio kwa ajili ya uvimbe, na wengi wao waliendelea kuusikia, ingawa sikio lile halikuwa na njia tena ya kupeleka sauti.

Tena kelele huharibu kwanza usikivu wa sauti nyembamba, na mluzi anaousikia mtu mara nyingi huwa katika kimo kile kile alichopoteza. Fundi agongaye mabati kutwa kule Kamukunji, Nairobi, au mwenye mashine ya kusaga posho kijijini, hulalamika juu ya mluzi tu. Hajatambua bado ya kuwa sauti za watoto zinampotea, na kwamba watu anaowalaumu kwa kunong'ona hawanong'oni. Sheria ya Kenya ya mwaka 2005 yakataza mfanyakazi kukaa katika kelele ipitayo desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 katika siku moja. Lakini sheria haimvishi mtu vizibo vya masikio.

Hata hivyo, si kila mvumo ni uziwi. Mwaka 1953 huko Marekani, Heller na Bergman waliwaweka watu 80 wenye masikio mazima katika chumba kisichopitisha sauti. 94 katika kila 100 walisikia mlio wa namna fulani. Kwinini nayo huvumisha masikio, kama wajuavyo wazee walioinywa kwa malaria, na kwa kawaida mvumo huo hukoma dawa ikiachwa. Sindano za kanamaisini, zilizotumiwa miaka mingi kwa kifua kikuu sugu, ni jambo jingine: uziwi uletwao nazo kwa kawaida haurudi nyuma.

Yafaa basi mwenye mvumo apimwe masikio. Pengine ni nta tu imeziba, nayo huondolewa na mganga wa hospitali, wala si kwa njiti ya kiberiti, ambayo huisukuma ndani na kutoboa kiwambo. Mvumo wa sikio moja tu, au upigao pamoja na moyo, usingoje; na uziwi ujao ghafula wataka daktari siku ile ile, kwa maana dawa hufaa zaidi ikianzwa mapema.

Aliyepungukiwa na usikivu akipewa chombo cha kusikilizia, mara nyingi mvumo hufifia, kwa kuwa ubongo umerudishiwa kazi yake. Na usiku, redio iliyofunguliwa kwa sauti ndogo humsaidia kulala kuliko kimya kitupu.