Mapanki: Neno, Picha na Hadhi

Neno mapanki, kama litumikavyo Mwanza, hutaja mabaki ya sangara, yaani kichwa na mifupa, baada ya minofu kuondolewa viwandani kwa ajili ya soko la nje. Kwa mkaangaji wa kando ya ziwa, neno hilo ni kitoweo na riziki. Mwaka 2004 filamu ya Darwin's Nightmare, ya Hubert Sauper wa Austria, iliyaonyesha mapanki kama sura ya ufukara. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikemea hadharani, na Mwanza kukafanyika maandamano.

Hasira hiyo ilikuwa na msingi: jamii nzima ilifupishwa kuwa picha moja. Hata hivyo, katika kutetea hadhi ya taifa, kula mapanki nako kuligeuzwa aibu. Mlaji wake akadhalilishwa mara mbili. Siku hizi mtu mashuhuri akiwakosea watu wa rangi nyingine kwa kauli, ghadhabu huenea mtandaoni kwa saa chache. Isimujamii haina budi kuuliza swali lilelile: je, anayetajwa amepewa nafasi ya kujitaja mwenyewe? Asipopewa, mkosaji na mtetezi humsemea kwa pamoja.