KADI YA MSTAAFU SI SADAKA

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama wa tawi letu la Mwenge, Dar es Salaam

 

Tumeombwa tuseme juu ya bima ya afya ya watumishi wa umma waliostaafu. Wako waliotuuliza tangu juzi kwa nini Chama kijishughulishe na watu waliokwisha kupata kiinua mgongo, hali vijana wamejaa hapa barabarani, tangu Barabara ya Bagamoyo mpaka kwa wachonga vinyago, hawana kazi wala kadi ya bima. Swali hilo ni la haki na tutalijibu. Lakini kwanza tuelewane hiyo kadi ilitoka wapi, kwa maana wengi wanaizungumza kama zawadi iliyoanguka kutoka mbinguni.

Wazee waliokula chumvi nyingi wanakumbuka kwamba siku za ukoloni mji huu ulitibiwa kwa rangi. Ocean Road, jengo zuri la Mjerumani pale ufukweni, lilikuwa la Wazungu. Mwafrika alikwenda Sewa Haji. Tulipojitawala tukasema hapana, hospitali ni ya watu wote, na baada ya Azimio la Arusha matibabu katika hospitali za Serikali yakawa bure. Mwaka 1977 ikatungwa sheria ya kuzuia hospitali za kutafuta faida. Kisha mambo yakageuka, fedha zikapungua, na mwaka 1991 hospitali za binafsi zikaruhusiwa tena. Mwaka 1993 ukaja utaratibu wa kuchangia gharama. Hatukukutana leo kulumbana juu ya mwaka 1993. Twasema tu kwamba tangu siku hiyo mgonjwa alianza kuulizwa fedha kabla hajaulizwa anaumwa nini.

Ndipo Bunge likatunga Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, mwaka 1999, na Mfuko ukaanza kazi Julai 2001. Mtumishi wa Serikali akakatwa asilimia 3 ya mshahara wake kila mwezi, na mwajiri akaongeza asilimia 3 nyingine. Hakuna aliyeulizwa kama anapenda. Walimu wengi walinung'unika sana wakati ule, ati wanakatwa fedha kwa ugonjwa ambao hawajaupata! Lakini walikatwa, na wakaendelea kukatwa.

Tupige hesabu kidogo. Mtumishi wa mshahara wa shilingi 500,000 hukatwa 15,000, na mwajiri wake huweka 15,000. Hiyo ni 30,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 360,000. Akifanya kazi miaka 20 kwa mshahara huo huo, zimeingia shilingi 7,200,000. Na miaka hiyo mara nyingi ndiyo ya nguvu zake: huumwa mafua, hupata malaria, hupeleka mtoto kliniki, basi. Presha, sukari, figo, mtoto wa jicho na tezi dume kwa kawaida havimjii mtu ana miaka 30. Humjia akiwa na 60, nao ndio umri wa kustaafu kwa lazima. Kwa hiyo utaratibu wenyewe umejengwa juu ya ahadi: lipa ukiwa mzima, utatibiwa ukiwa mzee. Mstaafu anayetimiza masharti hakatwi tena mchango, na hutibiwa yeye na mwenza wake. Hilo ni jambo jema na tunalisifu bila kigugumizi. Ziko nchi tajiri ambazo hazimfanyii mtumishi wake hivyo.

Basi mtu asituambie mstaafu anatibiwa kwa huruma. Alilipa kabla. Anayekaa dirishani pale hospitali akimwona mzee na kadi yake, na amwone kama mtu aliyekuja kuchukua akiba yake.

Sasa tufike penye tatizo. Kadi ni kitu kimoja, na kile ambacho kadi inanunua ni kitu kingine. Tarehe 1 Machi 2024 Mfuko ulianza kutumia kitita kipya cha mafao, yaani orodha mpya ya dawa na vipimo pamoja na bei ambazo Mfuko utazilipa hospitali. Wenye hospitali binafsi wakasema bei hizo ni ndogo, haziwatoshi. Mfuko ukasema bei za zamani zilikuwa kubwa mno, zingeufilisi. Baadhi ya hospitali zikaacha kuwapokea wenye kadi. Hatuamui hapa nani alikuwa na haki zaidi katika ugomvi ule. Kila upande ulikuwa na hesabu zake, na kwa kweli Mfuko ukifilisika mstaafu ndiye wa kwanza kuumia. Lakini tuangalie siku zile zilimpitaje mzee. Mwalimu mmoja mstaafu wa mtaa wetu, mtu mwenye presha ya miaka mingi, alifika hospitali aliyoizoea akaambiwa alipe taslimu au aende kwingine. Kadi yake ilikuwa hai. Jina lake lilikuwemo. Sheria haikumfuta hata herufi moja. Lakini siku ile kadi haikumnunulia kidonge.

Mtumishi aliye kazini akipatwa na hayo anayo mahali pa kusemea. Ana chama chake cha wafanyakazi, CWT au TUGHE au TALGWU, na juu yao TUCTA. Mei Mosi husimama mbele ya Rais wa nchi na risala yake husomwa. Mshahara wake ukipanda, pengo hupungua. Mstaafu hana mgomo. Hawezi kusema kesho sifundishi. Hawezi kutafuta kazi ya pili akiwa na miaka 71 na magoti mabovu. Pensheni yake haiendi na bei za sokoni, na wako wengi walioishi miaka na miaka kwa shilingi laki moja hivi kwa mwezi. Mtu huyu ndiye anayepunguziwa kitu kwa urahisi kuliko wote, kwa sababu kelele zake hazifiki mbali.

Wenzetu huko ng'ambo walikwisha kuliona jambo hili. Katika jimbo la New York, Marekani, watunga sheria walikuta kwamba mamlaka za shule zikibanwa na fedha hukimbilia kupunguza bima ya walimu waliostaafu, maana hao hawakai tena kwenye meza ya majadiliano. Mwaka 1994 wakatunga sheria fupi sana. Ilisema kwamba mamlaka ya shule haiwezi kupunguza bima ya afya ya wastaafu, wala mchango inaowalipia, mpaka ipunguze vilevile kwa watumishi walio kazini. Sheria hiyo ilikuwa ya muda, ikawa inaongezwa tena na tena, na mwaka 2009 ikafanywa ya kudumu. Tazameni ujanja wake! Haikutaja kiasi cha fedha wala haikuahidi kwamba hakuna kitakachopunguzwa kamwe. Ilimfunga mzee asiye na sauti kwa kamba moja na kijana mwenye sauti. Ukimgusa mmoja umemgusa na mwenzake, na yule mwenzake atapiga kelele.

Sisi si watu wa kuiga kila cha Marekani. Wao wenyewe wana mamilioni ya watu wasio na bima yoyote, na hilo hatulitaki hapa. Lakini kifungu hiki kimoja tunakitaka. Tunataka kiandikwe katika sheria yenyewe, wala si katika waraka wa wizara au tangazo la Mfuko, kwamba kitita cha mstaafu hakitakuwa chini ya kitita cha mtumishi aliye kazini, na kwamba lolote litakalopunguzwa kwa mstaafu litapunguzwa siku hiyo hiyo kwa karani, kwa mkurugenzi na kwa katibu mkuu wa wizara. Tunataka tena mabadiliko ya kitita yatangazwe mapema, na wazee wenye magonjwa ya kudumu wasikatishwe dawa katikati wakati wakubwa wanabishana bei.

Tunaambiwa, aa, Serikali ni sikivu, haina haja ya kufungwa na kifungu. Wanaosema hivyo tunawakumbusha wastaafu wa ile Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977. Watu wa reli, bandari, posta na ndege walibaki na haki zao kwenye makaratasi. Mwaka 1984 nchi tatu zikatia sahihi mkataba wa kugawana mali na madeni, na kila nchi ikachukua jukumu la kuwalipa watu wake. Pamoja na hayo, miaka 20 baadaye wazee wale walikuwa bado wanahangaika mjini hapa, mahakamani na barabarani, wengine wakilala nje na mafaili yao kichwani. Wako waliokufa wakidai. Ikiwa haki iliyoandikwa ilikawia namna ile, je, haki isiyoandikwa?

Sasa turudi kwa yule kijana wa barabarani na swali lake. Atasema: babu yangu wa Kisarawe alilima korosho maisha yake yote, hakukatwa asilimia 3 kwa kuwa hakuwa na mshahara, na yeye mbona hamumtaji? Tunamtaja. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure. Hospitali nyingi zikaandika ukutani maneno ya kumpisha mzee kwanza, na dirisha la wazee likafunguliwa. Nendeni mkaulize watu waliopita dirisha lile. Wengi watawaambia daktari walimwona bure, lakini dawa waliambiwa wakanunue nje. Sera ni neno zuri la Serikali, lakini mzee hawezi kuipeleka sera mahakamani. Kwa sababu hiyo wazee wamedai sheria yao kwa miaka mingi.

Na wala kifungu cha mstaafu hakimnyang'anyi kitu babu wa Kisarawe. Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ulipopelekwa Bungeni mwaka 2022 ulisimamishwa kwanza, maana watu waliuliza nani atamlipia asiye na uwezo na jibu halikuwa tayari. Novemba 2023 ukapitishwa, safari hii ukiwa na mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo. Zanzibar nao walianza mfuko wao mwaka huo wa 2023. Kenya walikwenda mbali zaidi, wakaufunga mfuko wao wa zamani na Oktoba 2024 wakaanza mwingine, na wengi tuliwasikia wakilalamika kwamba majina yao hayaonekani kwenye mitambo. Wakati wa kuhama nyumba ndipo vyombo huvunjika. Wakati huu, nchi inapotoka bima ya wachache kwenda bima ya wote, ndio wakati wa kuandika kwa wino haki za wale waliokwisha lipa. Mkulima akiona mwalimu aliyelipa miaka 24 amepunguziwa, atakubalije kutoa mchango wake wa kwanza?

Liko jambo dogo tusiloweza kulipita. Mstaafu hutibiwa na mwenza wake tu, lakini nyumba nyingi za Mwenge, Sinza na Temeke zina bibi na babu wanaolea wajukuu waliofiwa na wazazi. Huenda mtoto yule alikuwa kwenye kadi ya bibi alipokuwa kazini. Bibi akistaafu, mtoto anabaki nje. Tunaliweka mbele ya wabunge wetu. Hatuna hesabu ya gharama yake, nao wanao wataalamu wa kuipiga.

Chama hakitapeleka maneno matupu Dodoma. Kuanzia Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, meza itawekwa nje ya ofisi ya tawi. Kila mstaafu wa mtaa huu na aje na kadi yake ya bima na barua ya kustaafu. Aliyekataliwa huduma au dawa aje na karatasi aliyoandikiwa, hata kama imechanika, na aseme tarehe. Ninyi mlio kazini leteni hati zenu za mshahara tuangalie pamoja kama makato ya bima yanaonekana kila mwezi, kwa sababu mwezi uliokosekana leo ni rahisi kuudai kwa mwajiri kuliko kuutafuta ukiwa na miaka 60. Wasiojua kusoma vizuri au wasioona wataandikiwa na vijana wetu. Hakuna ada, na mtu asitoe hata senti kumi.

Wazee wasioweza kutembea, wajumbe wa nyumba kumi watupe majina, tutawafuata nyumbani.