Kuhesabu Ndege Wapitao
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Igowole)



Yamkini wako walioshangaa waliposoma katika tangazo kwamba karani atazungumza habari za ndege wawindao, naye si bwana nyama wala mwalimu wa elimu ya viumbe. Lakini neno langu si la ndege tu. Ni la hesabu, na hesabu ndiyo kazi yetu.

Kila mwaka, tangu Oktoba hata Desemba, anga la Igowole hupitiwa na wageni. Huko kaskazini ya dunia ndiyo majira ambayo vitabu vyetu huyaita vuli, majani yaangukapo na baridi ikaribiapo. (Vuli ya ndugu zetu wa pwani ni mvua, nayo ni habari nyingine kabisa.) Baridi hiyo huwaondolea ndege chakula, nao hufunga safari kuja kusini. Wa kwanza ni yule kipanga wa rangi ya kahawia atokaye nyika za Urusi. Hupita Oktoba na Novemba, akizunguka juu bila kupiga mabawa, akielekea hata Afrika Kusini.

Baada yake, mvua zetu zikianza, huja kozi mdogo wa Amur, naye ndiye nimpendaye kuliko wote. Amur ni mto ulio mpakani mwa Urusi na China. Ndege huyu hazidi hua kwa ukubwa, wala uzito wake haufikii robo ya kilo. Dume ni wa rangi ya majivu meusi, mapaja mekundu, na chini ya mabawa yake mna weupe uonekanao kwa mbali. Hushuka kwanza India ya mashariki kujinenepesha, kisha huvuka India yenyewe na bahari iliyo kati yake na Afrika, mchana na usiku, pasipo mahali pa kutua, upepo ukimsukuma mgongoni. Mwaka 2013 baadhi yao walifungwa vyombo vidogo vinavyosomwa na setilaiti, na njia hiyo ikaonekana dhahiri. Kwa mwaka mzima, kwenda na kurudi, husafiri zaidi ya kilomita 20,000. Wafikapo kwetu huja pamoja na mawingu ya mvua, kwa kuwa mvua ndiyo iwatoayo kumbikumbi ardhini. Kwa hiyo sisi na wao twala meza moja.

Mwenzetu mmoja aliniambia kwamba ndege wa namna hiyo ni wezi wa vifaranga, na dawa yao ni jiwe. Kozi wa Amur chakula chake hasa ni wadudu. Mwizi wa vifaranga yuko, lakini hakutoka Siberia.

Sasa nije kwenye hesabu. Tai na vipanga wakubwa hawapendi kuvuka bahari, maana huinuliwa na hewa ya moto ipandayo kutoka ardhini, na juu ya maji hewa hiyo ni haba. Hivyo hukusanyika mahali palipo na njia nyembamba. Katika vuli ya mwaka 1987, watu waliokaa penye mlango wa bahari wa Bab el Mandeb, kati ya Yemen na Djibouti, waliandika ndege zaidi ya 240,000 walioingia Afrika. Batumi, katika nchi ya Georgia, hesabu ya vuli moja imepata kuzidi 1,000,000. Igowole si mlango wa bahari, wala sitawadanganya kwamba mtaona hivyo. Huenda Jumamosi nzima mkaona kumi na wawili, au msione hata mmoja.

Mtaniuliza, basi yafaa nini? Nawajibu kwa habari ya kilima kimoja huko Pennsylvania, Marekani, kiitwacho Hawk Mountain. Zamani wawindaji walikwenda huko kuwapiga vipanga bunduki kwa mchezo tu. Mwaka 1934 mama mmoja, Rosalie Edge, alikodi kilima, akamweka mlinzi, Maurice Broun. Mlinzi huyu akaanza kuandika kila ndege apitaye. Katika daftari la 1935 hata 1939, kila tai weupe-kichwa 100 walioonekana, 40 walikuwa wachanga. Katika miaka ya 1955 hata 1959 wachanga walikuwa 20 tu. Na mwaka 1957 peke yake mchanga alikuwa mmoja kwa wakubwa 32. Wazee walikuwa wakipita kama kawaida, na mtazamaji wa siku moja asingaliona kasoro. Daftari ndilo lililoonyesha kwamba watoto hawapatikani. Rachel Carson aliitia hesabu hiyo katika kitabu chake cha 1962 juu ya sumu ya wadudu, na DDT ilipigwa marufuku nchini humo mwaka 1972.

Na huko Nagaland, India, mwaka 2012 wenyeji walikuwa wakiwanasa kozi wa Amur kwa nyavu za kuvulia samaki. Watu walihesabu nyavu na mateka ya kila wavu, wakapata ndege 12,000 hata 14,000 kwa siku. Tarakimu hiyo ilitangazwa duniani, na mwaka uliofuata wanavijiji wenyewe waliacha kunasa. Je, kama mtu angalisema "ndege wengi" tu, nani angalisikia?

Hapa kwetu sumu hunyunyizwa juu ya kwelea kwelea na viwavi jeshi ili kuokoa mazao, wala sisemi isinyunyizwe. Mkulima hawezi kula kozi. Lakini huko Argentina, mwaka 1995 na 1996, sumu iliyokusudiwa panzi iliua maelfu ya vipanga waliotoka Marekani ya Kaskazini. Waliotambua upungufu ni wale waliokuwa na hesabu za nyuma. Jambo kama hilo likitukia Iringa, nani ana hesabu ya nyuma?

Ndiyo sababu naomba tuanze. Kila Jumamosi, tangu ya kwanza ya Oktoba hata ya mwisho ya Desemba, watu wawili wakae mahali pamoja, tangu saa tatu asubuhi hata saa tisa. Waandike saa, upepo, mawingu, namna ya ndege, idadi, na alikoelekea. Asiyejulikana aandikwe "hakujulikana". Siku isiyo na ndege iandikwe sifuri, wala isiachwe tupu, maana karani yeyote ajua kwamba mstari mtupu na sifuri si kitu kimoja. Yule kipanga mweusi mgongoni, mwenye mkia mfupi mwekundu, akaaye juu ya nguzo za umeme, ni mwenyeji. Asiingizwe, wala asihesabiwe mara tatu kwa kuwa amezunguka mara tatu. Tena naomba sana, daftari lijazwe pale pale. Madaftari yanayojazwa Jumatatu kwa kukumbuka, sote twayajua.

Darubini iko moja, nayo ni yangu. Itakaa kwa Katibu. Orodha ya zamu iko mezani karibu na mlango, na Jumamosi mbili za kwanza bado hazina majina.