Mgeni wa Kifaransa Akiuliza Njia
(Mazungumzo na wanakisomo wa Handeni na Korogwe)



Siku moja nilikuwa nauza machungwa yangu pale Mkata, njia panda ya kwenda Handeni. Gari likasimama, latoka upande wa Chalinze. Ndani mna Mfaransa na mkewe, mke ana homa kali. Kiswahili hawajui. Nilichosikia ni "Korogwe" na "hospitali" tu.

Sasa, kijana wangu anasoma Kifaransa sekondari, naye alikuwa ameniandikia maneno machache kwenye daftari. Nikalitoa kwa fahari! Nilitaka kusema: nenda moja kwa moja mpaka Segera. Nikasema "Segera", nikaweka kidole penye neno "droite". Bwana akasoma, akashukuru, akaondoka.

Alipofika Segera akakata kulia, akashika njia ya Tanga. Kumbe Korogwe ni kushoto! Alikuja kugeuza gari Muheza, na mgonjwa wake kazidiwa. Haya aliniambia mwenyewe wiki ile ile, wakirudi na mkalimani. Mama alikuwa amepata nafuu, lakini mimi niliona haya sana.

Kosa lilikuwa herufi moja, ndugu zangu. "Tout droit", soma "tu drua", ni moja kwa moja. Ile t ya mwisho haitamkwi. "À droite", soma "a druat", ni kulia. Hiyo e yenyewe haisikiki, ila ndiyo inayoiamsha t. Kushoto ni "à gauche", soma "a gosh". Wenzetu hawa huandika herufi nyingi, wakatamka chache. Sisi tulizoea kusoma kila herufi tunayoiona.

Na mkono nao hudanganya. Mkisimama mnatazamana na mgeni, kulia kwako ni kushoto kwake. Simama ubavuni pake, mtazame barabara pamoja, ndipo unyooshe mkono. "Ici" (isi) ni hapa. "Là-bas" (laba) ni kule.

Haya, tujaribu. Mgeni yuko Korogwe mjini, anakwenda Lushoto. Mwambie: "Mombo, tout droit." Akifika Mombo, njia ya kupanda Soni na Lushoto iko mkono wa kulia: "à droite".

Je, mgeni anayetoka Chalinze akifika Mkata, naye anataka Handeni mjini, utamwambiaje? Andikeni jibu kwenye daftari, tutasahihisha pamoja.