Presha ya Mimba: Hotuba kwa Wanachama na Wazee



Hesabu za chama zimekwisha kusomwa, na sote tumesikia kwamba sehemu kubwa ya fedha ilikwenda katika mazishi. Hatumlaumu mtu, maana kuzikana ni wajibu. Lakini miongoni mwa makaburi hayo limo la mke wa mwenzetu, aliyefariki kwa kifafa cha mimba katika mwezi wa nane. Siku mbili kabla alilalamika kichwa, akaambiwa apumzike. Mumewe alikuwa kazini mbali, na watu wa nyumbani wakangoja neno lake na nauli yake. Fedha za jeneza tulizichanga kwa siku moja. Za gari hazikupatikana. Hilo ndilo lililotusimamisha mbele yenu.

Moyo husukuma damu katika mishipa, na nguvu ya msukumo huo ndiyo iitwayo shinikizo la damu, au presha. Kwa mja mzito, kipimo kikifika 140 kwa 90 huhesabiwa kuwa kimepanda. Kikifika 160 kwa 110, ni hatari ya kutibiwa mara moja. Baada ya juma la 20 huenda presha hiyo ikafuatana na protini katika mkojo, nayo ikadhuru figo, ini na ubongo wa mama, na kumpunguzia mtoto chakula kipitacho katika kondo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mama huyu hafichi neno; ni maradhi yenyewe yanayojificha. Aweza kulima, kuteka maji na kucheka na jirani, huku presha yake imepanda. Jicho la mume haliioni, wala la mkunga mzoefu. Huonekana kwa kipimo tu. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba mja mzito aonane na wahudumu wa afya si chini ya mara nane, na mara ya kwanza kabla ya juma la 12 kupita. Aliye na mimba ya kwanza, mwenye mapacha, mwenye kisukari au ugonjwa wa figo, na aliyepata kuugua presha hapo mbele, hao wasikose hata siku moja. Baadhi yao daktari huwapa aspirini kidogo kila siku tangu miezi ya mwanzo ili kuwakinga. Lakini mtu asijipe mwenyewe.

Ziko dalili zisizongoja asubuhi: kichwa kuuma sana, macho kuona kiwi, maumivu chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafula. Akishikwa na kifafa, alazwe kwa ubavu, asitiwe kijiko wala kitu chochote kinywani, apelekwe hospitali mara hiyo. Wako wasemao kwamba ni mapepo au husuda. Hatukuja kumbeza mtu. Twasema tu kwamba hospitalini iko sindano ya magnesiamu salfeti, ambayo hukizuia kifafa hicho, nayo haina faida kwa mgonjwa asiyefikishwa.

Mama aliyepewa dawa za presha asiziache kwa kujiona mzima, wala asiazime za mzee wa nyumbani, maana baadhi yake hudhuru mtoto tumboni. Na daktari akisema mtoto azaliwe kabla ya siku zake, wazee wasidhani ni papara: maradhi haya hayaanzi kuondoka mpaka mtoto na kondo vimetoka. Hata baada ya kujifungua kifafa chaweza kuja, basi presha iendelee kupimwa katika majuma yale ya arobaini.

Wazee wetu, mnayo madaraka ambayo daktari hana. Mkisema leo kwamba mama mwenye dalili hizi aondoke bila kungoja ruhusa ya mume aliye safarini, hakuna nyumba itakayokaidi. Nasi twauomba mkutano huu ukubali mambo mawili: kwanza, sehemu ya michango iwekwe kando kwa ajili ya gari la wazazi, na mweka hazina aitoe hata usiku wa manane, pili, kila mwanachama amsindikize mkewe kliniki, naye akijue kipimo chake kama ajuavyo hesabu ya ada yake.

Tumejifunza kuzikana vizuri. Tujifunze sasa kufikishana mapema, ili mwakani, hesabu zikisomwa, nauli ziwe nyingi na majeneza yawe machache.