Chumba Kilichoandaliwa



Wapendwa ndugu wasikilizaji, wengi wenu mnanisikiliza asubuhi hii mkiwa katika pilikapilika za kwenda kanisani. Maji ya kuoga yako motoni, nguo za watoto zimekwisha pigwa pasi, na pengine kengele ya kwanza imekwisha lia. Hayo yote ni mema, kwa maana aendaye mbele ya mkubwa hujitengeneza. Nami nawauliza swali moja tu: je, moyo nao umetayarishwa?

Mwinjili Luka, katika sura ya 22, anatusimulia kwamba siku ya kuchinja mwanakondoo wa Pasaka ilipofika, Bwana wetu aliwatuma Petro na Yohane watangulie kuandaa karamu. Walipomwuliza mahali, aliwaagiza wamfuate mwanamume watakayemkuta amebeba mtungi wa maji, naye mwenye nyumba atakayoingia angewaonyesha chumba kikubwa cha juu, kilichokwisha tandikwa. Tulitafakari jambo hilo. Yeye aliyewalisha watu elfu tano mahali pa nyika pasipo meza, alipoifikia karamu iliyo kuu kuliko zote hakupenda iwe ya ghafla. Alitaka wawepo watu wa kutangulia. Mbeba mtungi hatajwi jina, wala mwenye nyumba hatajwi. Hata hivyo, katika chumba walichokitayarisha ndimo tulimopewa Ekaristi Takatifu.

Desturi hiyo ya kutangulia ni ya kale. Wana wa Israeli, walipokuwa jangwani, waliokota mana maradufu siku ya sita, ili siku ya saba wapumzike mbele ya Mungu wao. Ndiyo maana siku itanguliayo sabato iliitwa Maandalio. Kanisa nalo, kama mama mwenye hekima, huianza Dominika tangu Jumamosi jioni kwa Masifu ya Jioni ya Kwanza. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1248, inamhesabia mwamini aliyeshiriki Misa jioni hiyo kuwa ametimiza wajibu wake wa Dominika. Maana yake ni kwamba siku ya Bwana ina mlango wake, na mlango huo ni jioni ya Jumamosi.

Sasa tujiulize: katika nyumba zetu jioni hiyo imekuwa ya nini? Mara nyingi ni jioni ya kilabuni, ya runinga na ya simu mpaka usiku wa manane. Asubuhi tunafika kanisani padre amekwisha anza Injili, macho yamejaa usingizi, kisha tunalalamika kwamba Misa ni ndefu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, ulitutaka tusihudhurie fumbo hili kama wageni au watazamaji walio kimya. Lakini mtu asiyejiandaa atakuwaje mwenyeji?

Basi tufanye nini? Kwanza, tuyapokee masomo kabla hayajasomwa kanisani. Masomo ya Dominika yamepangwa kwa mzunguko wa miaka mitatu, hivyo yanajulikana mapema. Atakayesoma ayasome kwa sauti nyumbani kwake, asije akakutana na jina la nabii kwa mara ya kwanza akiwa mimbarini. Maaskofu wa AMECEA, walipokutana Nairobi mwaka 1976, waliweka mkazo katika kujenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Jumuiya isiyoisoma Injili ya Dominika ijayo inajinyima chakula chake yenyewe. Vivyo hivyo katika vigango ambako padre hafiki kila Dominika: ibada inayoongozwa na katekista haina ruhusa ya kuandaliwa kwa uzembe.

Pili, nalo ndilo lililo zito, tupatane. Bwana wetu, katika Injili ya Mathayo sura ya 5, anamwagiza mtu aliyekumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake aiache sadaka yake mbele ya altare, aende kwanza akapatane naye. Kumpa mkono wa amani jirani wa benchi ni rahisi, kwa sababu hatudaiani naye kitu. Amani iliyo ngumu ni ya yule aliyeketi upande wa pili wa kanisa, ambaye tunagombania naye mpaka wa shamba; au ya mume na mke ambao tangu Jumatano hawasemezani, na leo wanaongozana kwenda Komunyo. Jumamosi jioni ndiyo saa ya kupiga hodi. Huenda usifunguliwe mlango. Hata hivyo, wewe umekwisha tandika chumba chako, na Bwana anakiona.

Ndugu wapendwa, mwaka 304, chini ya Kaisari Diokletiano, Wakristo 49 wa Abitina, katika nchi iitwayo leo Tunisia, walikamatwa kwa sababu walikusanyika kuadhimisha Dominika. Mmoja wao, Emeritus, alipoulizwa kwa nini aliifungua nyumba yake kinyume cha amri, alijibu kwamba pasipo Dominika wao hawawezi. Walikufa kwa ajili ya kile ambacho sisi tunakifikia kwa kuchelewa.

Nanyi wagonjwa na wazee mnaosikiliza mkiwa vitandani, msijione mko nje ya karamu. Mhudumu atakapowaletea Komunyo, akute meza yenye kitambaa safi, msalaba na mshumaa, na nyumba iliyonyamaza kidogo. Chumba hicho chenu, hata kiwe chembamba namna gani, ni ndugu ya chumba kile cha Yerusalemu.

Misa ya leo bado haijaanza. Aliye na neno la kumwambia mkewe, mtoto wake au jirani, alinene kabla ya kengele ya pili. Mwenyezi Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.