Tikiti ya Abiria na Tikiti ya Mkaguzi
Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi



Juma lililopita kijana mmoja aliniuliza: "Mwalimu, kupanda gari moshi bila tikiti ni kosa, au ni ujanja tu?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilipokuwa chuo cha ualimu nilipanda siku moja na tikiti iliyokwisha muda wake. Mkaguzi alinisimamisha mbele ya abiria wote. Nililipa nauli na adhabu, na fedha zangu za mwezi mzima zikaishia pale pale. Lakini aliniandikia stakabadhi. Leo nataka kusema juu ya stakabadhi ile, na mfano nitautoa Uingereza.

Sheria ya reli ya Waingereza ya mwaka 1889 ingali inatumika. Yasema kwamba mtu asafiriye bila kulipa, naye amekusudia kukwepa nauli, aweza kutozwa faini isiyozidi pauni 1,000, au kufungwa muda usiozidi miezi mitatu. Liangalieni neno hilo: amekusudia. Mshtaki sharti athibitishe nia. Mbali na sheria hiyo ziko kanuni ndogo za reli, nazo hazitafuti nia. Huna tikiti halali, basi una kosa. Faini yake yaweza kufika pauni 1,000 vile vile, ila kifungo hakuna.

Tena iko adhabu ya papo hapo. Tangu tarehe 23 Januari 2023, katika England, adhabu hiyo ni pauni 100 juu ya nauli ya safari. Akilipa ndani ya siku 21 hupunguziwa hadi pauni 50 na nauli yake. Hiyo si hukumu ya korti, wala haimfanyi mtu kuwa mhalifu. Aweza kukata rufani ndani ya siku 21, na rufani ina ngazi tatu. Na kama stesheni aliyopandia haikuwa na mahali popote pa kununulia tikiti, hapaswi kutozwa.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Tangu mwaka 2015 Waingereza wana njia ya haraka ya kuhukumu makosa madogo: hakimu mmoja, pamoja na mshauri wake wa sheria, husoma karatasi faraghani, na mshtakiwa hayupo. Mwaka 2016 makampuni ya reli yaliruhusiwa kuitumia njia hiyo kwa kanuni ndogo. Kwa ile sheria ya 1889 hayakuruhusiwa. Nayo yakaitumia! Watu wakatiwa hatiani kwa maelfu. Mwezi Agosti 2024 Hakimu Mkuu Paul Goldspring alitamka kwamba hukumu za namna hiyo ni batili, kana kwamba hazikuwapo. Kesi zilizotajwa kuhusika zakaribia 74,000.

Je, maana yake kukwepa nauli si kosa? La, hasha. Nauli ndiyo mshahara wa dereva na matengenezo ya njia. Asiyelipa amepanda mgongoni mwa mwenziwe aliyelipa. Lakini anayeadhibu naye ana tikiti yake, na tikiti yake ni sheria. Akiwa hana, naye asafiri bure. Wazee walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.

Kwa hiyo, ndugu, lipeni nauli kabla ya kupanda, na mtunze tikiti mpaka mtoke stesheni. Ukikamatwa, usimtukane mkaguzi. Muulize kwa adabu: ni kwa sheria gani? Dai stakabadhi. Ukiona umeonewa, kata rufani kabla siku hazijapita.

Nina neno la mwisho, nalo ni chungu. Nimepata habari kwamba matawi mengine huwatoza faini wanachama wanaochelewa mikutanoni, na fedha hizo haziandikwi popote. Tukitaka mkubwa atuandikie stakabadhi, yatupasa kwanza tumwandikie mama yule muuza mchicha tuliyempokea senti zake. Kitabu cha stakabadhi cha tawi hili nimekileta. Kipo juu ya meza. Tuanze leo.